Habu kwanza, fremu baadaye

Watu wengi wanaotaka kuunda fiksi, yaani baiskeli ambayo pedeli haziachi kuzunguka maadamu gurudumu linazunguka, kwa vipuri vya kuokoteza huanza na fremu. Siwalaumu. Fremu ndiyo inayoonekana kwa mbali, ndiyo yenye rangi, ndiyo inayomfanya mtu asimame mbele ya rundo la vyuma chakavu aanze kuota ndoto za mchana. Lakini fremu ya chuma utaipata tu, kama si leo ni mwezi ujao. Kipuri kinachoamua kama utakuwa na baiskeli au utabaki na pambo la kuegemeza ukutani ni habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu kinachozunguka kwenye ekseli. Yangu nilikaa nayo muda mrefu, imezungushiwa kitambaa chenye mafuta, kabla sijapata kitu kingine chochote cha kuifungia.

Habu ya kawaida ina hesi (nyuzi za kukazia, kama za nati) ya aina moja, ya kufungia friwili. Ukikanyaga, friwili inashika. Ukiacha kukanyaga, inaachia, na gurudumu linaendelea kuzunguka lenyewe, tik-tik-tik-tik. Habu ya fiksi ina hesi za ngazi mbili. Ngazi ya ndani, pana zaidi, ndiyo ya gia yenyewe, na inakazwa kwa kulia kama nati zote tulizozizoea. Ngazi ya nje ni nyembamba kidogo na hesi yake ni ya kinyume, inakazwa kwa kushoto. Hapo ndipo inapokaa pete ya kufungia. Unapoipinga pedeli ili kupunguza mwendo, gia inataka kujifungua. Ikianza tu kusogea inaisukuma pete, na pete, kwa kuwa hesi yake ni ya kinyume, inazidi kujikaza. Hakuna gundi wala pini, ni hesi mbili zinazobishana.

Sasa hapa kuna mtego, na ndiyo sababu napiga kelele kuhusu habu. Hesi ya gia ya fiksi ni inchi 1.37 kwa nyuzi 24 katika kila inchi. Hesi ya friwili ya kawaida nayo ni hivyo hivyo. Maana yake gia ya fiksi inaingia vizuri kabisa kwenye habu ya friwili, inakaa, inapendeza, na ukikanyaga kwenda mbele inashika bila tatizo. Kinachokosekana ni ile ngazi ya pili, yenye hesi ya inchi 1.29, ya kushika pete. Wapo wanaopaka gundi ya hesi wakakaza kwa nguvu zao zote, na wapo wanaotia pete ya ekseli ya pedeli juu yake. Hiyo nayo inakazwa kwa kulia, kwa hiyo gia ikifunguka zinafunguka zote mbili kwa pamoja. Siku utakayoipinga pedeli kwa nguvu kwenye mteremko ndiyo siku gia itakapojifungua, na miguu itazunguka bila kushika chochote. Nimeombwa mara kadhaa nimfungie mtu gia kwa namna hiyo. Jibu langu ni hapana, hata awe rafiki.

Shemeji yangu aliikuta habu yangu ikiwa tayari imesukwa kwenye ringi, fremu imegeuzwa juu chini, cheni imefungwa. Akazungusha pedeli, gurudumu likazunguka. Akasimamisha pedeli, gurudumu likasimama papo hapo. Akarudisha pedeli nyuma, gurudumu likarudi nyuma.

"Sasa shemeji, hii ukitaka kupumzisha miguu unafanyaje?"

"Hupumzishi."

"Hata kwenye mteremko?"

"Hasa kwenye mteremko."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nilikuwa na nia ya kufunga breki. Swali zuri, nitalifikia.

Kuna watu wanaodhani fiksi ni mtindo wa vijana wa mijini. Ni kongwe kuliko hizo nyingine. Mbio za kwenye uwanja wa duara zimeendeshwa kwa baiskeli za namna hii tangu mwanzo, na mpaka leo ndivyo zinavyoendeshwa. Hata barabarani, gia za kubadilisha zilichelewa kukubaliwa: Tour de France ilianza mwaka 1903, na ni mwaka 1937 tu ndipo waliporuhusiwa kutumia kibadilishaji gia cha nyuma. Kabla ya hapo waendeshaji walikuwa na habu zenye gia pande zote mbili. Wakifika chini ya mlima wanashuka, wanafungua nati, wanaligeuza gurudumu ili gia nyepesi ije upande wa cheni, wanakaza, wanaendelea kupanda. Habu yangu nayo ina pande mbili kama hizo.

Japani nako, tangu mwaka 1948, kuna mbio za keirin, ambazo watu huzichezea kamari, na vipuri vyake lazima viwe na muhuri wa NJS, alama ya kwamba vimeidhinishwa kwa mbio hizo. Vikishachoka huko huuzwa, na kuna watu wanaovikusanya kwa ajili ya muhuri ule. Mimi si mmoja wao. Muhuri haurudishi hesi iliyokwisha kulika.

Basi, ukishakuwa na habu, unaijua fremu unayoitafuta. Kitu cha kwanza ni midomo ya nyuma, pale ekseli inapoingia. Fiksi haina kikaza cheni, kwa sababu ukipinga pedeli mvuto unahamia kwenye cheni ya chini, na kikaza chenye springi kingevunjika. Cheni inakazwa kwa kuivuta ekseli nyuma ndani ya mdomo. Kwa hiyo mdomo lazima uwe wa kulala, wenye nafasi ya ekseli kusogea mbele na nyuma. Fremu nyingi za kisasa zina mdomo wa kusimama, ekseli inaingia kutokea chini na kukaa mahali pamoja tu. Ukiiona hiyo, ipe kisogo hata kama rangi yake inakuvutia. Kuna njia za kulizunguka tatizo hilo, lakini zote zinahitaji subira kuliko niliyopewa mimi.

Kitu cha pili ni upana kati ya midomo hiyo miwili. Habu ya fiksi ya kawaida ina upana wa milimita 120. Fremu za zamani za barabarani zenye gia tano nyuma nazo mara nyingi zina 120, za gia sita au saba, 126, zilizofuata, 130. Yangu ilikuwa ya 126. Kwa fremu ya chuma una njia mbili: unaibana midomo ikutane na habu, au unaiongezea habu washa, vile vipete bapa vya chuma. Chuma kinakubali kubanwa kikabaki kilivyokunjwa. Alumini usijaribu, na fremu za nyuzi za kaboni usizifikirie kabisa. Mimi nilichagua washa, milimita 3 kila upande, maana ekseli ilikuwa ndefu vya kutosha: baada ya kuziweka, nati ziliingia zote na hesi ikabaki nje. Fremu imekaa na umbo lake miaka yote hiyo, sioni kwa nini niisumbue kwa ajili ya milimita sita.

Kabla ya kuamua chochote, ipime fremu kwa uzi. Funga uzi kwenye mdomo mmoja wa nyuma, upeleke mbele uzunguke bomba la usukani, urudishe kwenye mdomo wa pili, ukaze. Kisha chukua kalipa upime kutoka uzi mpaka bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, nyuma imekaa katikati. Vikitofautiana kwa zaidi ya milimita moja au mbili, fremu hiyo iligongwa au ilikanyagwa, na baiskeli ya kawaida ingeweza kuvumilia, lakini fiksi itakuonyesha kila siku kwa cheni inayolia. Ni kipimo cha dakika chache na hakihitaji chombo chochote cha maana. Huwa natembea na uzi mfukoni, na watu wananishangaa.

Bomba la kiti usilipime kwa macho. Nguzo za kiti hutofautiana kwa hatua za milimita 0.2, na nguzo ya 26.8 inaingia kwenye fremu ya 27.2 kama vile ndiyo nyumbani kwake. Unakaza boliti, masikio ya fremu yanakutana, na kiti bado kinazunguka. Kama nguzo ya zamani imegandia ndani, jambo la kawaida pale alumini inapokutana na chuma na unyevu, ujue hiyo ni kazi ya siku nyingine, ya mafuta ya kulainisha kutu na maneno yasiyofaa kuandikwa hapa.

Kikombe cha kulia cha ekseli ya pedeli, kile kinachokazwa kwenye fremu na kushika gololi zake, kinastahili maelezo zaidi. Pima upana wa bomba lake. Ukipata milimita 68, kwa kawaida ni hesi ya Kiingereza, na kikombe cha kulia kina hesi ya kinyume: kinafunguka kwa kuzungusha kulia. Ukipata 70, kuna uwezekano mkubwa ni ya Kiitaliano, na vikombe vyote viwili vinafunguka kwa kushoto. Vikombe vingi vya kulia vimeharibiwa na watu wenye nguvu waliokuwa wanavikaza huku wakidhani wanavifungua. Tatizo jingine ni kwamba kingo zake za kushikia ni nyembamba, na spana inateleza ikifika mahali pa nguvu. Mimi hupitisha boliti ndefu katikati ya kikombe, ninaweka washa pana kwa nje juu ya spana na nyingine ndani, ninakaza nati mpaka spana ishikane na kikombe kama imechomelewa. Baada ya hapo natia mpini wa bomba kwenye spana, naegemea kwa uzito wa mwili. Kikombe hakina pa kukimbilia. Kinatoa mlio mmoja, kwaak, na kutu ya rangi ya tumbaku inamwagika sakafuni.

Gololi za zamani huwa sizirudishi. Nazitupa zote hata zikionekana nzuri, kwa sababu gololi ni rahisi na kikombe si rahisi, na gololi moja iliyolika inamaliza njia ya kikombe kizima. Za ekseli ya pedeli ni inchi 1/4, kumi na moja kila upande. Za habu ya nyuma kwa kawaida ni inchi 1/4 pia, tisa kila upande; za habu ya mbele mara nyingi ni 3/16, kumi kila upande. Koni, yaani ile sehemu inayobana gololi, naitazama kwenye mwanga nikiizungusha polepole kwa ukucha. Njia ya gololi ikiwa na mstari unaong'aa, sawa. Ukucha ukidaka kishimo hata kidogo, koni inatoka.

Sizungumzi kama mtu anayedharau vya kuokota. Graeme Obree, Mskoti, alijiundia baiskeli yake mwenyewe, ikiwa na beringi ya mashine ya kufulia nguo ndani yake, akaipeleka uwanja wa Hamar nchini Norwei mwezi Julai 1993, akaendesha kilomita 51.596 kwa saa moja. Ilikuwa rekodi ya dunia, na ilikuwa fiksi. Chris Boardman aliivunja kabla hata wiki haijaisha, lakini hilo halinisumbui. Ninachokipenda ni kwamba Obree hakuchukua beringi ile kwa sababu ilikuwa ya bure. Alikuwa na sehemu yenye kipimo fulani, akatafuta kitu chenye kipimo hicho, akakipata mahali ambapo wengine hawakutazama.

Kwa hiyo nina orodha yangu kichwani ya vitu ninavyookota kwa furaha: habu, krenki, fremu, foku, nguzo ya kiti, pedeli, breki. Na nina vile ambavyo nanunua vipya bila kujadili: spoki, cheni, waya za breki, gololi. Usukani na shina lake viko katikati. Usukani wa chuma ulionyooka nauchukua. Usukani wa alumini nausugua kwanza kwa kitambaa na mafuta ya taa, kisha nautazama pale unapobanwa na shina, maana ndipo nyufa huanzia. Chuma kikichoka mara nyingi kinapinda kwanza ukaona. Alumini iliyochoka inaweza kukatika ghafla, na usukani ukikatika mikononi hakuna ufundi utakaokusaidia. Mikono ya krenki naitazama vivyo hivyo kwenye tundu la pedeli. Nikiona mstari mweusi mwembamba unaozunguka tundu, hata kama ni mkwaruzo tu wa rangi, mkono huo unaenda kwenye vyuma chakavu. Sibishani nao.

Ringi. Fremu yangu iliundwa kwa magurudumu ya inchi 27, yale yenye kipimo cha 630. Ringi nilizokuwa nazo ni za 622, ambazo tairi zake zimejaa kila mahali. Majina yanadanganya hapa. Tazama namba hiyo ya tarakimu tatu ubavuni mwa tairi. Tofauti ya kipenyo ni milimita 8, kwa hiyo ukingo wa ringi unashuka milimita 4, na vipande vya breki navyo lazima vishuke milimita 4. Breki yangu ya mbele ilikuwa na nafasi hiyo, iliishia karibu na mwisho wa mfereji wake, lakini ilifika. Tairi ya 630 kwenye ringi ya 622 haikai, na tairi ya 622 kwenye ringi ya 630 haipandi. Hakuna njia ya katikati.

Kusuka gurudumu la fiksi ni raha ambayo nisingependa kumwachia mtu mwingine. Gurudumu la nyuma la gia nyingi linasukwa likiwa limeegemea upande mmoja, kwa sababu gia zimekula nafasi ya kulia. Spoki za kulia zinakazwa sana, za kushoto zinabaki legevu. La fiksi spoki zake zinakaribia kulingana pande zote, urefu na mkazo. Habu ya matundu 36, ringi ya matundu 36, kila spoki inakutana na nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi. Nikishamaliza kunyoosha, nazipiga spoki kwa ukucha, moja baada ya nyingine, nikizunguka. Zinazovutwa sawa zinatoa sauti moja. Yenye sauti ya chini imelegea, yenye sauti kali imekazwa kupita kiasi, hata kama ringi kwa macho imenyooka. Ringi iliyonyooka kwa spoki zisizolingana itapinda mbele ya safari.

Halafu mstari wa cheni, ambao kwangu ndio roho ya kazi yote. Gia ya mbele na gia ya nyuma lazima zikae umbali mmoja kutoka katikati ya baiskeli, ili cheni iende moja kwa moja bila kupinda. Habu za fiksi kwa kawaida hulenga milimita 42. Hili ndilo linalofanya habu iwe ya kwanza: imeshakuchagulia namba, na krenki inapaswa kuifuata.

Upande wa nyuma nilipima hivi. Upana wa ndani ya midomo ni 126, nusu yake 63. Kutoka ndani ya mdomo wa kulia mpaka katikati ya jino la gia, 21. Sitini na tatu toa ishirini na moja, 42. Washa zangu za milimita 3 hazikuharibu kitu kwa sababu ziligawanywa sawa kwa sawa. Ningeziweka zote upande mmoja, namba ingekimbia. Upande wa mbele, bomba la kiti la fremu yangu lina kipenyo cha milimita 28.6, nusu yake 14.3. Kwa hiyo kutoka uso wa bomba mpaka katikati ya jino nilihitaji 27.7. Krenki niliyokuwa nayo ilikuwa ya gia mbili za mbele, na gia ikifungwa upande wa nje ilikuwa mbali mno. Nikaihamishia upande wa ndani wa ile mikono mitano mifupi ya krenki inayoshikilia gia, nikatafuta boliti fupi za gia moja, maana ndefu zinafika mwisho kabla hazijabana. Kipimo kikaja pungufu kwa milimita moja hivi. Hapo nikaacha. Fundi anayetafuta sifuri kwenye vipuri vya kuokota anatafuta ugonjwa.

Urefu wa mikono ya krenki nao si wa kupuuza. Kwenye kona huwezi kuuinua mguu wa ndani ukausimamisha. Pedeli inaendelea kushuka utake usitake. Fremu ya barabarani imewekwa chini kidogo kuliko ya uwanjani. Niliilaza baiskeli taratibu mpaka pedeli iguse sakafu, kwanza kwa mikono ya milimita 170, kisha kwa 165. Milimita tano zinaonekana ndogo kwenye kalipa. Pedeli ikigusa lami katikati ya kona hazionekani ndogo tena. Nimefunga 165.

Meno sasa. Hapa kuna hesabu ninayoipenda kuliko zote. Wengi huanza na 48 mbele na 16 nyuma kwa sababu ndizo zinazopatikana. Arobaini na nane kwa kumi na sita ni tatu kamili: pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu bila kubaki kitu. Maana yake kila miguu yako inapokuwa mahali pale pale, sehemu ile ile ya tairi iko chini. Ukiwa na tabia ya kufunga miguu na kuburuza gurudumu, unaiburuza sehemu moja tu, na tairi inatoboka ikiwa bado mpya pembeni kote. Badilisha mbele uweke 46: sehemu ya 46 kwa 16 ukiirahisisha ni 23 kwa 8, na kuburuza kunagawanyika sehemu nane. Weka 46 kwa 17, hairahisishiki kabisa, unapata sehemu kumi na saba. Jino moja tu nyuma, na tairi inadumu.

Mimi siburuzi sana, magoti yangu yana maoni yao, lakini 46 kwa 17 ndiyo niliyoichagua kwa miguu pia. Kwa tairi yangu ya upana wa milimita 25, kila mzunguko wa pedeli ni kama mita 5.7. Mizunguko 90 kwa dakika inanipa karibu kilomita 31 kwa saa, mwendo wa mtu mzima. Tatizo liko kwenye mteremko: ukiiachia ifike kilomita 50 kwa saa, miguu inatakiwa izunguke karibu mara 146 kwa dakika. Jaribu kuzungusha miguu kwa kasi hiyo ndipo utaelewa kwa nini nimefunga breki.

Ndiyo, breki ya mbele, na kwa jambo hili sina upole. Kila chombo kinapopunguza mwendo uzito unaegemea mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuteleza hata kama miguu yako ni ya simba. Wanaoendesha uwanjani hawana breki kwa sababu wote wanaelekea upande mmoja na hakuna gari wala mbuzi atakayekatisha. Uingereza sheria inadai breki mbili kwa baiskeli ya barabarani, na gia ya fiksi inakubaliwa kuwa ndiyo ya nyuma, kwa hiyo ya mbele inabaki lazima. Naona wamepima vizuri. Breki moja, waya mmoja, wenzo mmoja. Haiharibu sura ya kitu.

Kukaza cheni ndiyo kazi ya mwisho na ndiyo inayotenganisha fiksi inayonyamaza na fiksi inayolalamika. Cheni yangu ni pana, ya inchi 1/8. Inakaa kwenye gia pana na hata kwenye nyembamba za 3/32, lakini cheni nyembamba haiingii kwenye gia pana. Nikishaifunga, nazungusha krenki polepole huku nikiigusa cheni katikati kwa kidole. Karibu kila mara kuna mahali inakaza na mahali inalegea, kwa sababu gia ya mbele haikukaa katikati kamili ya mikono yake. Naisimamisha pale panapokaza zaidi, nalegeza boliti tano za gia kidogo tu, kiasi cha kusogea bila kucheza, na kuigonga cheni taratibu kwa mpini wa nyundo. Gia inajisogeza kiasi cha unywele. Nakaza kidogo, nazungusha, natafuta tena. Narudia mpaka tofauti iwe ndogo, kisha nakaza boliti kwa zamu, kamwe si kwa kufuata mduara. Ndipo naivuta ekseli nyuma mpaka cheni ibaki na mchezo wa kama sentimita moja juu na chini. Ikibana zaidi ya hapo beringi zinateseka, na ikilegea zaidi inaweza kuruka, na cheni ya fiksi ikiruka inaweza kujikunja kwenye gia na kulifunga gurudumu la nyuma ukiwa mwendoni.

Rangi sikupaka. Niliondoa kutu kwa msasa, nikapaka mafuta palipokuwa wazi, nikaacha michubuko yote ilivyo. Niliikuta fremu ina rangi mbili, na sasa zinaonekana tatu.

Upande wa pili wa habu ndio unaonishughulisha sasa. Nilifikiria kuweka gia ya meno 19 kwa ajili ya milima. Kila jino unaloongeza linaisogeza ekseli mbele kama milimita 3.2, kwa hiyo meno mawili ni 6.4, na midomo ya fremu yangu ina nafasi hiyo bila kukata cheni. Lakini shemeji amekuja na hoja yake. Anasema anaipenda baiskeli, asichokipenda ni ubishi wake, na kwa kuwa hesi ya friwili inaingia upande ule, kwa nini nisimfungie friwili aazime siku za Jumapili? Sina pingamizi. Ila friwili ikiingia, miguu haipunguzi mwendo tena, na breki ya nyuma inakuwa lazima. Tundu la kuifungia lipo kwenye fremu. Breki yenyewe, yenye mikono mirefu ya kutosha kuifikia ringi ya 622 kwenye fremu hii, bado naitafuta.